Kware wa nyama: Uteuzi wa wazazi ndio ufunguo wa uzito na nafuu ya lishe

MFUGAJI wa kware wa nyama hupata au kupoteza faida yake ndani ya gunia la chakula. Ndege aliyekaribia kukomaa hula takribani gramu 20 hadi 25 kwa siku. Ukimlisha hadi siku ya 42 ili afikie uzito ambao kware wa jirani yako aliufikia siku ya 35, utakuwa umempa chakula cha wiki nzima, kisichopungua gramu 140, pasipo kupata chochote. Kwa ndege 1,000, hasara hiyo ni kilo 140 za chakula.

Wengi huilaumu hali ya hewa, chakula au ugonjwa. Hayo yote huchangia. Hata hivyo, ndege wawili walioanguliwa siku moja, wakalala banda moja na kula chakula kimoja, bado waweza kutofautiana pakubwa kwa uzito. Sehemu ya tofauti hiyo waliirithi kwa wazazi wao, na sehemu hiyo ndiyo ambayo mfugaji anaweza kuikusanya kizazi baada ya kizazi iwapo atawachagua wazazi kwa makini.

Makala haya yanaeleza jinsi uteuzi huo unavyofanya kazi, yale ambayo wanasayansi wamejifunza kwa zaidi ya nusu karne, na madhara yanayomsubiri mfugaji anayefuata uzito peke yake.

Ndege mwenyewe

Kamusi za Kiswahili humwita ndege huyu tombo, na jina kware au kwale hulipa ndege mwingine wa jamii hiyo aliye mkubwa kidogo. Lakini katika masoko ya Kenya jina lililoshika ni kware, nalo ndilo tutakalolitumia hapa.

Kware anayefugwa ni wa asili ya Japani, na jina lake la kisayansi ni Coturnix japonica. Si yule kware wa porini ambaye jamii za magharibi mwa Kenya zimemtega tangu jadi kwa vizimba vya ufito vilivyoinuliwa juu ya miti mirefu, ambaye Waluo humwita aluru na Waluhya isindu. Hao wa porini ni wa spishi nyingine, na hawajapitia uteuzi wa binadamu.

Wajapani walianza kumfuga ndege huyu kwa ajili ya sauti yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 walimgeuza kuwa ndege wa mayai na nyama. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia nusura viifute kazi hiyo yote. Baada ya 1945 ufugaji ulifufuliwa kutokana na ndege wachache waliosalia.

Mnamo 1961, W. O. Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walichapisha katika jarida la Poultry Science makala yaliyompendekeza kware kuwa ndege wa majaribio kwa niaba ya kuku na bata mzinga. Sababu zao zaeleweka kwa urahisi. Yai lake huanguliwa kwa muda wa siku 17 hivi. Jike huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita au zaidi kidogo. Kwa mwendo huo, mtafiti aweza kupata vizazi vitatu hadi vinne kwa mwaka mmoja, tena katika chumba ambamo kuku wachache tu wangetosha.

Kasi hiyo ya uzazi ndiyo faida kubwa ya kware katika uteuzi. Ndiyo pia hatari yake, kama tutakavyoona, kwa kuwa makosa nayo huongezeka kwa kasi iyo hiyo.

Hesabu ya uteuzi

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sayansi ya urithi inakubali methali hiyo, ila inaongeza swali moja: ni nyoka kwa kiasi gani?

Jibu hutolewa kwa kipimo kiitwacho kiwango cha urithi. Kipimo hiki huonyesha ni sehemu gani ya tofauti baina ya ndege inayoweza kupita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto. Kikiwa sufuri, uteuzi haufai kitu. Kikiwa moja, watoto watafanana kabisa na wastani wa wazazi wao. Kwa uzito wa kware wa wiki nne, kipimo hicho huwa cha wastani au cha juu, mara nyingi kati ya 0.3 na 0.6.

Tuchukue mfano. Tuseme kundi lako lina wastani wa gramu 120 katika wiki ya nne. Umewachagua wazazi ambao wastani wao ulikuwa gramu 140 walipokuwa na umri huo. Wazazi hao wamelizidi kundi kwa gramu 20. Iwapo kiwango cha urithi ni 0.4, watoto watalizidi kundi la awali kwa gramu 20 mara 0.4, yaani gramu nane. Wastani mpya utakuwa gramu 128.

Gramu nane zaweza kuonekana kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Ukipata vizazi vitatu kwa mwaka, na hali ikibaki ilivyo, faida hiyo hukaribia gramu 24 kabla mwaka kwisha. Tena faida hiyo haiondoki kama faida ya dawa au chakula kizuri, ambayo hukoma siku unapokoma kununua. Imo ndani ya damu ya kundi.

Hesabu hii inaonyesha pia mambo mawili yanayomkwamisha mfugaji. Kwanza, asiyepima hawezi kujua ni nani aliyelizidi kundi. Pili, mwenye ndege wachache hana nafasi ya kuchagua, kwani atalazimika kumfanya karibu kila ndege kuwa mzazi, na ile tofauti ya gramu 20 itayeyuka.

Majaribio ya Marekani

Ushahidi mkubwa zaidi kuhusu kware ulitoka katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Huko, mtafiti Henry Marks wa Idara ya Kilimo ya nchi hiyo alianza katika miaka ya 1960 kuwachagua kware kwa uzito wao wa wiki nne. Aliendelea kwa miongo kadhaa. Ripoti yake ya 1996 ilihusu mbari zilizokuwa zimepitia zaidi ya vizazi 90 vya uteuzi, na uzito wa ndege hao ulikuwa umeongezeka zaidi ya maradufu ukilinganishwa na kundi ambalo halikuchaguliwa.

Zaidi ya vizazi 90! Katika ng'ombe, idadi hiyo ingechukua karne kadhaa.

Jambo la pili alilolifanya Marks lina uzito mkubwa kwa mfugaji wa kawaida. Hakuwachagua ndege wote katika mazingira mamoja. Mbari moja ilichaguliwa ikila chakula chenye asilimia 28 ya protini, ambacho ni chakula cha kifahari kwa kware. Nyingine ilichaguliwa ikila chakula chenye protini asilimia 20, kilichotiwa dawa inayoidhoofisha tezi ya shingo ili ukuaji uwe mgumu. Mbari zote mbili ziliongeza uzito. Lakini zilipobadilishiwa lishe, ilidhihirika kwamba kila moja ilifanya vyema zaidi katika lishe ambayo ilichaguliwa ndani yake.

Maana yake ni kwamba hakuna kware aliye bora kila mahali. Ndege aliyechaguliwa kwa chakula ghali hawezi kuhakikisha matokeo yaleyale akipewa chakula hafifu. Mwongozo wa lishe ya kuku na ndege wengine uliotolewa 1994 na Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani ulipendekeza asilimia 24 ya protini kwa kware anayekua. Wafugaji wengi hutumia chakula cha vifaranga wa kuku, ambacho kwa kawaida kina protini pungufu ya kiwango hicho. Basi anayenuia kutumia chakula hicho hana budi kuwachagua wazazi wakiwa wanakila hicho hicho.

Katika jimbo la Ohio, Karl Nestor na wenzake nao walianzisha mbari mbili kutoka kundi moja. Katika moja waliwachagua wazazi wazito, na katika nyingine waliwachagua wepesi. Baada ya makumi ya vizazi, ndege waliotoka babu mmoja walikuwa wametengana kwa uzito kana kwamba hawakuwahi kuwa na ukoo mmoja. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba tofauti hizo hazikuletwa na chakula wala banda, bali na uamuzi wa binadamu kuhusu nani azae na nani asizae.

Chakula, kigezo kigumu

Uzito ni rahisi kupima: unahitaji mizani na dakika moja. Ufanisi wa kutumia chakula si rahisi hivyo.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni kiasi cha chakula kilicholiwa kwa kila gramu ya uzito iliyoongezeka. Tuseme kware wa kwanza amekula gramu 540 na kuongeza gramu 180. Uwiano wake ni 3.0. Wa pili amekula gramu 560 na kuongeza gramu 200. Uwiano wake ni 2.8. Wa pili amekula zaidi, lakini ndiye mwenye nafuu. Kama kilo ya chakula ingekuwa Sh70, kilo moja ya uzito wa yule wa kwanza ingegharimu Sh210, na ya yule wa pili Sh196.

Mbona basi anayekua haraka huwa na uwiano bora? Sababu ni kwamba chakula hugawanyika mara mbili. Sehemu moja huutunza mwili: kuupa joto, kuuendesha moyo, kumwezesha ndege kutembea. Sehemu nyingine ndiyo hujenga nyama. Ile ya kwanza hulipwa kila siku, ndege akue asikue. Anayefikia uzito wa kuchinjwa mapema hulipa siku chache zaidi. Ndiyo maana katika majaribio ya kuchagua uzito pekee, ufanisi wa chakula nao huboreka bila kutafutwa.

Kware, kwa sababu ya udogo wake, hupoteza joto haraka kuliko kuku, na kwa hivyo sehemu ya kuutunza mwili ni kubwa kwake. Mara nyingi huhitaji kilo tatu hivi za chakula au zaidi kwa kila kilo ya uzito, ilhali kuku wa nyama wa kisasa huhitaji chini ya kilo mbili. Uteuzi waweza kulipunguza pengo hilo, lakini haudhaniwi kulifuta.

Watafiti wamejaribu pia kuchagua moja kwa moja kwa kigezo cha uwiano huo. Mnamo 2010 watafiti wa Iran walichapisha katika Poultry Science matokeo ya jaribio la namna hiyo kwa kware wa Japani, nao walionyesha kwamba uwiano huo unaweza kuboreshwa kwa uteuzi. Hata hivyo, kazi hiyo ni ya gharama. Kila ndege hukaa peke yake ndani ya kizimba, chakula chake hupimwa kila kinapotiwa na kinapobaki, na kile anachokimwaga hukusanywa. Kware ni mwingi wa kutawanya chakula kwa mdomo. Asiyehesabu kilichomwagika atamwadhibu ndege mharibifu kwa kumwita mlafi, au atamtukuza asiyestahili.

Kigezo hicho kina kasoro nyingine. Kwa kuwa ni mgawanyo wa hesabu mbili, ndege aweza kupata alama nzuri kwa kukua haraka tu, pasipo kuwa na mwili unaotumia chakula kwa busara. Kwa sababu hiyo, wanasayansi wengi hutumia njia iliyopendekezwa 1963 na Robert Koch na wenzake katika ng'ombe wa nyama. Kwanza hukadiria chakula ambacho mnyama wa uzito fulani na ukuaji fulani alistahili kula. Kisha hulinganisha na alichokula kweli. Iwapo kware wawili wana uzito sawa na wamekua sawa, lakini mmoja amekula gramu 520 na mwingine 560, basi yule wa 520 ndiye anayefaa kuwa mzazi. Hapo uzito hauwezi tena kuficha ulafi.

Bei ya uzito

Lau uzito ungekuja bila gharama, mbari nzito ndizo zingekuwa zimeenea kila mahali. Sivyo ilivyo. Mwili ni mmoja, na jeni zinazougusa ukuaji huigusa pia mifumo mingine.

Katika kware, kama ilivyo katika kuku wa nyama, uteuzi mkali wa uzito kwa vizazi vingi huandamana na kudhoofika kwa uzazi. Majike hutaga mayai machache yanayofaa, mayai yanayorutubishwa hupungua, na vifaranga wanaoanguliwa huwa wachache. Isitoshe, ndege wazito mara nyingi hulimbikiza mafuta tumboni, na mafuta hugharimu chakula kingi kuliko nyama.

Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya mfanyabiashara. Mbari iliyoongeza gramu 20 kwa kila ndege, lakini ikapunguza vifaranga kutoka 70 hadi 55 kwa kila mayai 100, imemtia hasara mwenyewe. Kware 70 wa gramu 180 ni kilo 12.6. Kware 55 wa gramu 200 ni kilo 11. Mizani ya kila ndege imepanda, lakini mizani ya shamba imeshuka.

Kwa hivyo wataalamu hawachagui kwa sifa moja. Tangu Lanoy Hazel alipoweka msingi wa hesabu hiyo mnamo 1943, sifa kadhaa hujumlishwa kuwa alama moja, kila sifa ikipewa uzito kulingana na faida yake kwa fedha. Uzito, chakula, mayai na uanguaji vyote huingia katika mizani hiyo.

Njia nyingine ni kutenganisha kazi. Huwekwa mbari ya madume iliyochaguliwa kwa ukuaji, na mbari ya majike iliyochaguliwa kwa utagaji. Zikikutanishwa, mama hutoa mayai mengi, na vifaranga hukua kwa nguvu ya baba. Aidha, machotara hao huwa na uhai na nguvu zaidi ya inavyotarajiwa kwa wastani wa wazazi wao. Lakini mfugaji anapaswa kujua kwamba nguvu hiyo haidumu. Akiwapandanisha machotara wao kwa wao, nusu ya nguvu ya uchotara hupotea katika kizazi kinachofuata, na ndege hutoka mchanganyiko wa kila umbo.

Hatari ya damu moja

Kware ana udhaifu mmoja unaomtofautisha na ndege wengine wa kufugwa: hastahimili kuzaliana na ndugu zake. Mwaka 1966, K. Sittmann, H. Abplanalp na R. A. Fraser walichapisha katika jarida la Genetics utafiti wao kuhusu kware waliopandanishwa kaka kwa dada mfululizo. Uzazi na uhai wa vifaranga uliporomoka, na mbari zao hazikuvuka vizazi vichache.

Mfugaji mdogo aweza kuingia katika shimo hilo bila kupandanisha kaka na dada kwa makusudi. Tuseme ana madume manne na majike 12, na kila kizazi anawatoa wazazi wapya humohumo. Kanuni ya kukadiria ukubwa halisi wa kundi ni kuzidisha madume kwa majike, kuzidisha jibu kwa nne, kisha kugawanya kwa jumla ya wazazi. Hapa tunapata 12. Undugu huongezeka kila kizazi kwa moja chini ya maradufu ya idadi hiyo, yaani moja chini ya 24, au asilimia nne na ushei. Baada ya vizazi vinne, ambavyo kware huvipata kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kiwango cha undugu kitakuwa karibu asilimia 16. Kifaranga ambaye wazazi wake ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti ana asilimia 12.5. Kundi zima litakuwa limempita.

Mwenye madume 20 na majike 60 ana kundi halisi la 60. Undugu wake huongezeka kwa chini ya asilimia moja kila kizazi. Tofauti hiyo kubwa imeletwa na idadi ya wazazi peke yake.

Na hapa ndipo uteuzi unapogeuka mtego. Ndege wazito zaidi huelekea kuwa watoto wa wazazi walewale. Anayechukua wazito kumi bora bila kuuliza ukoo wao, huenda amechukua kaka na dada kumi. Miezi michache baadaye atalalamika kwamba kiangulio kimeharibika.

Hatua kwa mfugaji

Mfugaji asiye na maabara aweza kufanya uteuzi wenye manufaa iwapo atazingatia yafuatayo.

Mosi, linganisha ndege walioanguliwa siku moja na kulelewa pamoja. Aliyetangulia kwa siku tatu ataonekana bora kumbe ni umri tu.

Pili, usichague kwa uzito wa siku ya kwanza. Kifaranga mkubwa wa siku moja mara nyingi ametoka katika yai kubwa, na athari ya yai hufifia kadiri anavyokua. Pima siku ya 28 au 35, na ushikilie siku hiyo hiyo kila kizazi.

Tatu, wapange madume na majike mbalimbali. Jike la kware wa Japani huwa zito kuliko dume, kinyume cha kuku. Kwa kware wa rangi ya kawaida, jinsia hutambulika kuanzia wiki ya tatu hivi: dume ana kifua chenye rangi ya kutu, na jike ana madoadoa.

Nne, mvishe kila ndege anayefikiriwa kuwa mzazi pete ya mguuni yenye nambari, na uandike baba na mama yake. Chukua wazazi kutoka familia nyingi, hata kama baadhi yao wamepungukiwa na gramu chache.

Tano, pima chakula cha familia ikiwa huwezi kupima cha ndege mmojammoja. Waweke watoto wa mama na baba mmoja katika kizimba chao, pima wanachokula kwa wiki mbili, kisha gawanya kwa uzito walioongeza. Kipimo hicho si kamili, lakini kitakuonyesha familia zinazokula bila kukua.

Sita, weka kundi dogo ambalo huchagui ndani yake. Uzito ukipanda katika makundi yote mawili, huenda ni chakula kilichobadilika. Ukipanda katika lile unalochagua peke yake, ni kazi yako.

Saba, hesabu mayai yaliyoingia kiangulioni na vifaranga waliotoka. Idadi hiyo ikianza kushuka kizazi hadi kizazi, simama. Tafuta madume wa damu mpya kutoka kwa mfugaji mwenye rekodi kabla ya kuongeza hata gramu moja.

Jeni na maabara

Teknolojia imesonga mbele. Mnamo 2020 jarida la BMC Biology lilichapisha uchambuzi wa jenomu nzima ya kware wa Japani. Kwa ramani hiyo, watafiti waweza kutafuta sehemu za jeni zinazohusiana na ukuaji au matumizi ya chakula, na kumkadiria kifaranga kwa tone la damu kabla hajaonyesha sifa zake.

Hata hivyo, makadirio hayo hujengwa juu ya maelfu ya ndege waliopimwa kwa mizani ya kawaida. Jeni haiwezi kusomeka ipasavyo pasipo rekodi ya uzito na chakula cha ndege walioibeba. Maabara haijalifuta daftari. Imelifanya liwe na thamani zaidi.

Somo la 2013 na 2014

Wakenya wanaikumbuka vyema homa ya kware ya 2013 na mwanzoni mwa 2014. Watu walikopa, wakajenga vizimba, wakatafuta vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kununua ndege kwa bei ya kuruka. Mayai yalisifiwa kuwa dawa ya kila maradhi. Mwaka 2014 soko liliporomoka, na wengi wakaachwa na ndege wasio na mnunuzi.

Biashara ile ilijengwa juu ya kuuziana ndege na mayai ya kuzalisha. Aliyenunua alitegemea kumuuzia mwingine anayeanza. Katika biashara kama hiyo, hakuna aliyeuliza kware hula kiasi gani ili atoe kilo ya nyama, kwa kuwa nyama haikuwa ndiyo bidhaa.

Anayetaka kufuga kware wa nyama leo anauza kwa mlaji, na mlaji hununua kwa kulinganisha na kuku. Hapo hakuna uvumi wa kumwokoa mfugaji. Kitakachomwokoa ni ndege anayekua upesi, anayekula kwa kiasi, na anayezaa watoto walio hai. Nchi hii tayari ina mfano wa uteuzi uliofaa: kuku wa kienyeji walioboreshwa na shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, huko Naivasha, ambao wafugaji wengi wanawafahamu.

Basi kabla ya kununua kware wa kuanzia, muulize muuzaji maswali matatu: wana uzito gani wakiwa na wiki tano, wamekula kiasi gani, na wazazi wao ni wangapi. Ulizia pia katika ofisi ya KWS iliyo karibu nawe kuhusu kibali. Muuzaji akikosa majibu, ujue unanunua manyoya na matumaini. Nawe ukishawapata, nunua mizani na daftari kabla ya kununua kizimba cha pili, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.